Maswali ya Wasomaji: Maumbo 360 ya Karatasi, Tuyakate kwa Zana Gani?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule moja ya msingi mkoani Morogoro. Darasa langu lina watoto 60, na kila muhula unapoanza hulazimika kuandaa maumbo ya karatasi ya manila kwa ajili ya kufundishia hesabu na kwa kazi za kubandika. Maumbo hayo ni duara, mraba, mstatili, pembetatu, nyota na jani, moja moja kwa kila mtoto, na jumla yake ni 360. Hadi sasa mimi na mwalimu msaidizi tumekuwa tukikata kwa wembe juu ya meza, kwa kuwa wembe unapatikana katika kila duka na unakata vizuri kuliko mikasi yetu ambayo imekwisha makali. Muhula uliopita mwenzangu alijikata kidole cha shahada, na sasa baadhi ya watoto wanakuja na nyembe mifukoni, wakituiga. Mwalimu mmoja ananishauri tununue gilotini ya mezani, mwingine anasema tutafute mashine inayoongozwa na kompyuta. Fedha yetu ni ndogo. Tufanye nini ili kazi iishe mapema na vidole vibaki salama?
Mwalimu wa awali, Morogoro

JIBU: Mwalimu, mpe pole mwenzako. Umeniuliza ununue nini, lakini nitaanza na cha kuondoa, nacho ni wembe. Wembe wa makali mawili una unene wa takriban milimita 0.1, sawa na karatasi moja ya kawaida ya kuchapia, na umetengenezwa kwa chuma kigumu kilichokusudiwa kubanwa ndani ya kinyoleo. Ukiutoa humo unabaki hauna mpini, wala hauna upande ulio salama wa kushikia: vidole vinavyousukuma vimekaa kwenye makali ya pili. Ukiubana pembeni unapinda, na ukipinda sana unavunjika na kipande kuruka. Manila nayo ni nene, kwa hiyo mkataji hulazimika kukandamiza, na mkono unaokandamiza ukiteleza huenda mbali kabla ya kusimama. Sioni njia ya kuutumia wembe mtupu kwa usalama katika kazi ya maumbo mia kadhaa, hata kwa mtu mzima mwenye uzoefu.

Kuna pia jambo la damu, ambalo walimu wengi hulikumbuka wanapozungumzia nyembe za kunyolea na kulisahau wanapozungumzia nyembe za kuchongea penseli. Wembe unaopita mikononi mwa watoto watano hubeba damu ya yeyote aliyechubuka, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa angalau siku saba. Kwa sababu hiyo ningekuomba uweke vichongeo viwili au vitatu vya penseli juu ya meza yako, uzikusanye nyembe zote bila kumwadhibu mtoto yeyote, kisha wewe na mwenzako muache kabisa kuonekana na wembe mkononi. Kuwakataza watoto huku ninyi mnaendelea nao hakutasaidia lolote.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ukiyatazama maumbo yako sita kwa makini utaona kwamba matatu kati yake, yaani mraba, mstatili na pembetatu, yana kingo zilizonyooka tu na hayana kona zinazoingia ndani kama za nyota. Hayo ni maumbo 180, nusu ya kazi yote, na kwa maoni yangu hamna sababu ya kuyakata kwa mkono. Katika kila mji wenye kiwanda kidogo cha uchapaji au duka kubwa la steshenari ipo mashine ya kukatia rimu za karatasi, ile inayobana rundo zima kwa bamba la chuma kisha kulikata kwa kisu kimoja kipana. Mashine za umeme za aina hiyo kwa kawaida haziteremshi kisu mpaka mwendeshaji abonyeze vitufe viwili kwa mikono yote miwili, ndiyo maana mikono yake haiwezi kuwa chini ya kisu. Kazi yako kwao ni ya dakika chache, na mara nyingi watakubali kuifanya kati ya kazi moja na nyingine.

Ila usiende pale bila vipimo. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Ukichagua mraba wa sentimita 7 utapata miraba mitatu kwa upana na minne kwa urefu, jumla 12 katika kila karatasi, na utabaki na ukanda mwembamba usiofika sentimita 2. Miraba 60 itahitaji karatasi 5. Mistatili ya sentimita 7 kwa 4 inaingia 21 katika karatasi moja, kwa hiyo karatasi 3 zinakutosha. Pembetatu hupatikana kwa kuugawa mraba kutoka pembe hadi pembe, na miraba 30 ya ziada, ambayo ni karatasi 3 nyingine, inazaa pembetatu 60. Kwa hiyo nusu nzima ya kazi iliyowachosha kwa wembe ni karatasi 11 za manila, rundo ambalo mashine ya uchapaji hailihisi. Mkato wa pembe hadi pembe unaweza kuufanya mwenyewe kwa mkasi, miraba mitatu kwa pamoja, mara kumi tu. Kama manila yako ni yale mabango makubwa, waombe waanze kwa kuyashusha hadi ukubwa wa A4.

Gilotini ya mezani aliyokushauri mwenzako hukata mistari iliyonyooka tu, na hilo tayari tumelipatia ufumbuzi. Kisu chake kirefu kiko wazi na huinuka kwa mkono, nacho hakifai kukaa katika chumba chenye watoto 60 wa miaka mitano. Ikiwa shule inayo tayari, ikae ofisini, kisu kikiwa kimeshushwa na kufungwa kwa komeo lake, na anayeitumia asimame wima na kuuweka mkono wa kushikia karatasi nyuma ya kizuizi. Ikiwa hamna, msiinunue kwa kazi hii. Zipo nyingine ambazo kisu chake ni kidogo na kinateleza juu ya reli kikiwa ndani ya kifuniko; hizo ni salama zaidi, ingawa hukata karatasi chache kwa mpigo.

Yanabaki maumbo yenye mikunjo na kona: duara, jani na nyota. Hapa ndipo fedha yenu ndogo inapotakiwa kwenda, na iende kwenye mikasi miwili mizuri ya chuma, mmoja wako na mmoja wa mwenzako, yenye urefu wa kati ya sentimita 17 na 20 na iliyofungwa katikati kwa skrubu badala ya ribiti, kwa kuwa skrubu inaweza kukazwa mkasi unapoanza kulegea. Mkasi uliolegea hauikati karatasi bali huibana katikati ya mapanga yake na kuikunja, na hapo mtu huanza kutumia nguvu. Mikasi yenu ya zamani msiitupe kabla ya kumpelekea mnoaji wa visu, yule anayezunguka mitaani na jiwe linalozungushwa kwa baiskeli, kwa sababu mingi inayoitwa mibovu imekosa kunolewa tu, au imegandwa na gundi ya utepe ambayo inatoka kwa kitambaa chenye spiriti.

Kukata karatasi kadhaa kwa pamoja ndiko kutakakokuokolea muda, lakini kuna kikomo. Kwa karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya gramu 80, karatasi nne ni idadi nzuri. Kwa manila usizidishe tatu. Wapo watakaokwambia kwamba wanakata nane. Watazame mikono yao: karatasi za chini huteleza na kutoka zikiwa na umbo tofauti na za juu, mapanga ya mkasi husukumwa yakaachana, na kidole gumba huanza kuuma kabla hata ya duara la kumi. Kwa matatu matatu, maumbo yako 180 yanakuwa mizunguko 60 ya mkasi, na kazi hiyo watu wawili wanaweza kuimaliza kwa utulivu katika alasiri moja.

Siri ya kukata matabaka ni kuyazuia yasisogee. Chora umbo kwenye karatasi ya juu tu, ukitumia kigezo cha boksi gumu. Kisha bana karatasi zote tatu kwa stapla katika sehemu zitakazotupwa, yaani pembeni na katika nafasi zilizo kati ya umbo na umbo, bila kuweka pini ndani ya umbo lenyewe. Mafundi wa Mexico wanaotengeneza mapambo ya karatasi yaitwayo papel picado, hasa katika mji wa Huixcolotla jimboni Puebla, hutoboa hadi karatasi laini 50 kwa mpigo mmoja, lakini wao hutumia patasi ndogo na nyundo juu ya sehemu imara, na rundo lao limefungwa lisiweze kutikisika. Wingi ule unawezekana kwa sababu patasi inashuka wima na mkono unaoishika uko juu, mbali na makali. Mkasi hauna faida hiyo, na anayetaka kufikia wingi wa patasi kwa kutumia mkasi atajiumiza.

Unapokata, kaa kitini, viwiko viwe karibu na mwili, na uzungushe karatasi badala ya kuzungusha mkasi. Anayetumia mkono wa kulia hulikata duara kwa kwenda kinyume cha saa, na hivyo mstari unabaki mbele ya macho yake. Manila iingize ndani kabisa karibu na skrubu, kwa kuwa hapo ndipo mkasi una nguvu zaidi. Ncha ziachie kona ndogo. Jani la kuchorea kigezo likunje katikati, uchore nusu yake kwenye mkunjo, na utakuwa umekata urefu wa nusu tu na kupata pande mbili zinazolingana.

Nyota inahitaji maelezo zaidi, na nakiri kwamba ni umbo ninalolipenda. Unaweza kupata nyota ya ncha tano kwa mkato mmoja ulionyooka. Kunja karatasi nyembamba mara moja, utafute katikati ya mkunjo huo, kisha kwa kutumia kipimapembe ugawe nyuzi 180 zilizopo katika sehemu tano za nyuzi 36, na uzikunje kwa kupishana kama feni mpaka upate kabari moja yenye matabaka kumi. Kutoka kwenye ncha ya kabari pima sentimita 10 kwenye ukingo mmoja na sentimita 3.8 kwenye ukingo wa pili, unganisha alama hizo kwa rula, ukate juu ya mstari huo, kisha ukunjue. Wanahisabati Erik Demaine, Martin Demaine na Anna Lubiw walithibitisha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba umbo lolote lenye kingo zilizonyooka linaweza kupatikana kwa kukunja karatasi vizuri na kukata mara moja tu. Hata hivyo, kwa nyota 60 za manila njia hii haikufai, kwani matabaka kumi ya manila hayakatiki bila kutumia nguvu, na kukunja mara sitini kutakumalizia subira. Itumie kwa nyota chache kubwa za kupamba ukuta. Kwa darasa, kunja na kukata nyota moja iliyo sahihi, iweke juu ya boksi la viatu, uchore kingo zake, na boksi hilo likiisha kukatwa ndilo litakalokuwa kigezo cha nyota zako zote. Wakati wa kukata, anzia kwenye ncha kuelekea kona ya ndani, utoe mkasi, kisha uingie upya kutoka ncha inayofuata. Kuupindisha mkasi ndani ya kona huchana karatasi.

Sijui kama umewahi kufikiri kwamba baadhi ya maumbo haya watoto wanaweza kuyatengeneza wenyewe. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837 na ambaye mawazo yake yamezaa chekechea za leo, aliweka kukunja, kukata na kutoboa karatasi kwa sindano miongoni mwa kazi za mikono za watoto hao. Wape mikasi yenye ncha butu lakini yenye makali ya chuma. Ile ya plastiki tupu haikati chochote, na mtoto aliyeshindwa kukata ndiye anayekimbilia wembe. Waanze kwa kukata vipande vifupi vya ukanda mwembamba, mkato mmoja kwa kipande kimoja, kisha mistari iliyonyooka, na duara lije mwisho. Wakate kwa zamu, watoto watano au sita mezani pako, na uhesabu mikasi kabla na baada. Wengine wakati huo wachane karatasi kwa vidole. Jani lililochanwa kwa vidole hupendeza kuliko lililokatwa, na kama majani yote 60 yatachanwa na watoto wenyewe, ninyi mtabaki na mizunguko 40 ya mkasi badala ya 60.

Kwa vitu vidogo sana, kama vidoto vya kuhesabia au macho ya samaki, panchi ya ofisini hutoa vidoto vya takriban milimita 6 bila makali yoyote kuonekana. Zipo pia panchi za maumbo, kama moyo na ua, ambazo hukata karatasi moja moja. Ni salama, lakini umbo lake ni lile lile na ukubwa wake hauzidi sentimita chache. Anayehitaji vidoto vikubwa kidogo kwa wingi anaweza kumwomba fundi viatu atumie kitoboleo chake cha duara na nyundo juu ya gogo.

Ikitokea mtu amejikata, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka, ulibane kwa kitambaa safi na kuuinua mkono. Damu isipokoma baada ya dakika kumi za kubana bila kufunuafunua, au jeraha likiwa na kina, au kidole kikifa ganzi, nenda kituo cha afya, na uulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kuhusu mashine ya kompyuta, soma jibu la barua inayofuata. Kwako wewe si lazima.

SWALI: Hujambo, Mshauri. Ninapamba kumbi za harusi hapa Mombasa. Maua ya karatasi ndiyo yanayopendwa sasa, na ukumbi mmoja unaweza kunila petali elfu kadhaa, mbali na kadi za mialiko zenye urembo uliotobolewa. Nimekuwa nikiwalipa wasichana wa mtaani kukata kwa mikasi, lakini harusi zimeongezeka. Nimeona mashine za miali ya leza, nyingine za kisu zinazounganishwa na kompyuta, na nyingine za mkono zenye rola. Ningependa pia kukata yale mabango ya plastiki yanayong'aa. Ipi ni salama na itanilipa?
Mpambaji, Mombasa

JIBU: Dada, hizo ni mashine tatu kwa kazi tatu zilizo tofauti, na ukiziweka kwenye mizani moja utanunua usiyoihitaji. Petali elfu kadhaa za umbo moja ni kazi ya kiumbo cha chuma na rola. Kiumbo hicho ni ukanda wa chuma wenye makali uliokunjwa kufuata umbo la petali na kukazwa kwenye ubao, ukiwa umezungukwa na sponji; unaweka karatasi juu yake, unafunika kwa bamba, unapitisha vyote kati ya rola mbili kwa kuzungusha mpini. Kiumbo kilichotengenezwa vizuri hukata karatasi kadhaa kwa pamoja, na makali yamefichwa na sponji kiasi kwamba ukikigusa juu juu hujikati. Wenye viwanda vya maboksi hutumia njia hiyo hiyo kwa mashine kubwa. Kabla ya kununua chochote, waulize kama watakutengenezea kiumbo cha petali zako na kukukatia rimu nzima. Huenda ukaona hesabu yao ni nafuu kuliko mashine yako mwenyewe. Ukinunua rola, hatari yake ni vidole na nguo. Mikono ya buibui ikunjwe, ncha za mtandio zifungwe nyuma, na bangili zivuliwe kabla mtu hajashika mpini, na anayezungusha ndiye huyo huyo anayeingiza karatasi, wasiwe watu wawili.

Mashine ya kisu inayoongozwa na kompyuta inafaa pale umbo linapobadilika kwa kila harusi, kwa mfano majina ya maharusi. Kisu chake huchomoza sehemu ndogo tu ya milimita, na karatasi hukaa juu ya mkeka wenye gundi, hivyo mkono hauna sababu ya kukaribia. Udhaifu wake ni kwamba kwa kawaida hukata karatasi moja kwa wakati, na umeme ukikatika katikati ya kazi ile karatasi mara nyingi inakuwa imepotea. Kwa petali elfu kadhaa utaichosha, nayo itakuchosha.

Leza hukata urembo uliotobolewa kama nakshi za mlango wa Lamu kwa namna ambayo hakuna kisu kinachoweza kuifikia, na kwa kadi zako ndiyo bora. Lakini inakata kwa kuunguza. Karatasi inaweza kushika moto ndani ya mashine, kwa hiyo haiachwi peke yake ikifanya kazi hata kwa muda wa kwenda kupokea mteja mlangoni. Kizimamoto cha hewa ukaa (CO2) kiwe karibu, vumbi na mabaki yasafishwe kila siku, moshi utolewe nje kwa bomba, na kifuniko kisifunguliwe wakati mwali unawaka, kwa sababu mwali huo unaweza kupofusha jicho hata pale usipouona. Usinunue mashine isiyo na kifuniko, hata bei yake ikikushawishi namna gani.

Na yale mabango ya plastiki yanayong'aa usiyaingize kwenye leza kabisa. Mengi yametengenezwa kwa PVC, plastiki yenye klorini ndani yake, na ikiunguzwa hutoa gesi ya hidrojeni kloridi ambayo huchoma macho na mapafu ya mtu na kuila mashine kwa kutu. Plastiki ambayo muuzaji hawezi kukwambia ni ya aina gani, ichukulie kuwa ni PVC, uikate kwa mkasi au kwa mashine ya kisu.

Kama ningekuwa mahali pako, ningeanza na kiumbo cha petali kwa mwenye kiwanda cha maboksi, kadi ningezipeleka kwa mtu mwenye leza na kumlipa kwa kazi, na kununua mashine kungesubiri mpaka nione ni kazi ipi kati ya hizo inayokuja kila wiki.

SWALI: Mwanangu wa miaka saba hutumia mkono wa kushoto, na karatasi anazokata hutoka zimechanika. Bibi yake anasema tumfundishe kushika mkasi kwa mkono wa kulia. Je, ni sahihi?
Mzazi, Tanga

JIBU: Mzazi mwenzangu, kwa heshima zote kwa Bibi, hapana. Kosa liko kwenye mkasi. Mkasi wa kawaida umepangwa kwa namna ambayo kidole gumba cha kulia kikisukuma na vidole vingine vikivuta, mapanga yake mawili yanabanana. Mkono wa kushoto unafanya kinyume, unayaachanisha, na karatasi inajikunja katikati. Isitoshe panga la juu linamziba mtoto asiuone mstari, naye huinamisha shingo na kulaza kiganja ili auone, mpaka vidole vya mkono wa pili vinaingia njiani. Mkasi wa mkono wa kushoto hauna tofauti ya vishikio tu. Panga lake la juu liko upande wa kushoto, na hilo ndilo uliangalie dukani, kwa kuwa baadhi ya mikasi inayouzwa kama ya mikono yote miwili imebadilishwa vishikio na kuachiwa mapanga yale yale. Mtoto wako alikate duara kwa kufuata mwendo wa saa. Funga uzi mwekundu kwenye mkasi wake ili ndugu zake wasiuchukue, kwani wao nao hautawafaa.

SWALI: Vipande vya visu vya kukatia karatasi na nyembe zilizokwisha tuzitupe wapi? Nyumbani kwetu takataka huchomwa moto.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Moto wa takataka hauyeyushi chuma. Wembe utabaki katika majivu, na majivu hayo ndiyo yanayomwagwa bustanini, mahali ambapo watoto hutembea pekupeku. Tafuta kopo la bati lenye mfuniko, toboa ufa mwembamba juu yake, na kila wembe uliokwisha uingizwe humo bila kufungua mfuniko. Visu vile vinavyosogezwa ndani na nje ya mpini, vilivyogawanywa kwa mistari ili kipande kilichokwisha makali kivunjwe, ni ubunifu wa Mjapani Yoshio Okada wa mwaka 1956. Kipande huvunjwa kwa koleo, ncha ikielekezwa chini na mbali na uso, moja kwa moja juu ya kopo. Unapokitumia kisu cha namna hiyo, toa nje kipande kimoja tu, tumia rula ya chuma, na upitishe mikato miwili au mitatu myepesi badala ya mmoja wa nguvu. Kopo likijaa, lizungushie utepe mara kadhaa, uandike juu yake kwa maandishi makubwa kwamba ndani mna nyembe, kisha ulifukie katika shimo refu la taka lisilofukuliwa. Usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu bila kumweleza kilichomo, kwa kuwa yeye hupanga mzigo wake kwa mikono mitupu.